Pleya ya santuri: Angalia umeme na sindano kabla ya kuangalia jina

MPUNGA ukishavunwa na kuuzwa, mji wa Ifakara hubadilika. Wanunuzi kutoka Dar es Salaam na Morogoro hujaa kwenye mashine za kukoboa, nyumba za wageni hukosa nafasi, na maduka ya vyombo vya umeme hupanga sabufa hadi barazani. Ndiyo miezi ambayo mkulima wa Mang'ula, Kibaoni au Mlimba hukaa chini na kuamua fedha iliyobaki baada ya ada za watoto na deni la pembejeo aifanyie nini. Wengi hununua pikipiki au bati. Wako wachache, hasa waliokwishavuka miaka 50, ambao huulizia kitu kinachomfanya muuza duka akune kichwa: pleya nzuri ya santuri.

Swali hilo si la ajabu kwa mkoa huu. Morogoro ndiko zilikotamba Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Salum alifariki dunia mwaka 1965, Mbaraka akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Nyimbo za wakati wao zilifika mashambani kwa njia mbili, redio na santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo nyingi zilichapwa Kenya na kurudi nchini kama bidhaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa Februari 1977, njia hiyo iliziba. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, kaseti ilikuwa imekwishashika soko.

Kwa hiyo santuri iliyobaki kwenye sanduku la mzee huenda hairudi tena dukani. Ikichimbwa na sindano mbovu, imekwenda. Anayenunua pleya ananunua pia usalama wa mali aliyonayo, na hapo ndipo wengi hukosea: huangalia taa, rangi na ukubwa wa spika, wakasahau kuuliza kile kinachogusa santuri chenyewe.

Hezi ni muhimu kuliko volti

Jambo la kwanza la kuuliza kwa mtu wa Kilombero ni umeme. Bonde hili lina vituo vikubwa vya kufua umeme, Kidatu chenye megawati 204 na Kihansi chenye megawati 180, lakini kwa miaka mingi wakazi wa Ifakara walizoea umeme unaoshuka jioni na kukatika mvua zikianza. Kituo cha kupoza umeme kilijengwa mjini humo miaka hii ya 2020 ili kupunguza tatizo hilo. Hata hivyo, wengi walio nje ya mji bado wanategemea jenereta au sola yenye invata.

Umeme wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50, maana yake mkondo hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Runinga na redio za siku hizi hazijali sana hezi. Pleya nyingi za zamani zinajali, kwa sababu mota yake huzunguka kwa kufuata hezi hizo. Pleya iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme ni hezi 60, ikiletwa hapa na kuwekewa transfoma ya volti itawaka vizuri tu, lakini itazunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake. Kwa hesabu kamili, santuri inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika itazunguka chini ya mara 28, na ile ya mara 45 itazunguka mara 37 na nusu. Mwimbaji atasikika kama mtu aliyeamshwa usingizini. Fundi asiyejua sababu anaweza kufungua mota, kubadilisha mkanda, kudai fedha, na ugonjwa ukabaki palepale.

Mzigo wa mitumba kutoka Japani nao una mtego wake. Huko umeme ni volti 100. Mashine ya namna hiyo ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya volti 230 inaungua siku hiyo hiyo. Tena Japani yenyewe imegawanyika: upande wa Tokyo wanatumia hezi 50, upande wa Osaka hezi 60. Kibandiko cha nyuma au chini ya mashine husema yote hayo. Mnunuzi asiyeruhusiwa kugeuza mashine akasoma kibandiko aondoke.

Stabilaiza, ambayo wengi hudhani ni dawa ya kila kitu, hurekebisha volti. Hairekebishi hezi. Jenereta ndogo ya petroli inatakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe hezi 50. Friji ikiwaka au mtu akichomeka pasi, injini inalemewa, hezi zinashuka, na pleya inayofuata hezi inayumba nayo. Wimbo unapanda na kushuka kama mtu anayetembea juu ya tuta la jaruba. Invata ya bei nafuu, inayotoa mawimbi ya umeme yenye pembe badala ya mawimbi laini, hufanya mota za aina hiyo zivume na kupata joto.

Aina tatu za kuzungusha

Pleya huzungusha sahani yake kwa njia tatu, na kila moja ina watu wanaoiapia.

Ya kwanza ni ya mkanda wa mpira. Mota inakaa pembeni, mkanda unavuta sahani, na mtikisiko wa mota haufiki kwenye santuri. Ndiyo njia inayotumiwa na kampuni za Uingereza kama Rega, iliyoanza mwaka 1973, na Linn ya Scotland ambayo Sondek LP12 yake imekuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zinasifiwa kwa utulivu wa sauti, na katika chumba cha nyumbani sifa hizo ni za kweli. Lakini mkanda wa mpira huchakaa, na joto la Kilombero halimsubiri mtu. Aidha, LP12 inakaa juu ya springi ndani ya boksi lake na inahitaji fundi anayeifahamu ili kuipima na kuiweka sawa. Ifakara fundi huyo hatapatikana kirahisi, na kusema kweli hata Dar es Salaam kumpata ni kazi. Kwa bei ya LP12 iliyokamilika, mkulima anaweza kufikiria mashine ya kukoboa. Kuna wanaosema sauti yake inastahili. Inawezekana, lakini chombo kisicho na fundi karibu ni mzigo.

Ya pili ni ya gurudumu la mpira linalosukuma ukingo wa sahani. Hizi ni za zamani: Garrard 301 ya Uingereza iliyotoka mwaka 1954, na Thorens TD 124 ya Uswisi ya mwaka 1957. Zina nguvu na uhai mrefu, na wapenzi wa santuri duniani wanazinunua kwa fedha nyingi zaidi ya zilivyouzwa zilipokuwa mpya. Kwa bonde lililopokea mapadri Wakapuchini kutoka Uswisi, na baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, maabara ya Waswisi hapo Ifakara, hakuna wa kushangaa ikiwa Thorens moja ingekutwa siku moja kwenye stoo ya nyumba ya zamani. Atakayeiona asiiuze kama chuma chakavu. Mashine hizo ziliuzwa bila boksi, mwenyewe akatengeneza la kwake, na hapa seremala wa Ifakara ana nafasi yake: mbao za msaji, ambao Kampuni ya Kilombero Valley Teak imekuwa ikiupanda bondeni tangu miaka ya 1990, ni nzito na hazipindi ovyo zikikaushwa vizuri. Boksi zito hunyamazisha mtikisiko wa gurudumu.

Ya tatu ni ile ambayo sahani imekaa juu ya mota yenyewe, bila mkanda wala gurudumu. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilitoa pleya ya namna hiyo mwaka 1970 kwa jina la Technics SP-10, ikafuatiwa mwaka 1972 na SL-1200. Toleo la pili la SL-1200, lililosambaa kuanzia mwaka 1979, liliongezewa kipande cha kwazi kinachopima kasi na kuirekebisha kila mara. Mota hiyo haifuati hezi za ukutani. Jenereta ikilemewa, kwazi inabaki na hesabu yake. Ndiyo sababu madisko ya dunia nzima yaliikumbatia, na ndiyo sababu kwa mtu wa Ifakara, Malinyi au Mahenge, mashine ya aina hii inapaswa kuwa ya kwanza kwenye orodha. Kampuni iliacha kuitengeneza mwaka 2010 na kuirudisha mwaka 2016; toleo la SL-1200G lilitoka kwa dola 4,000 za Marekani, na mwaka uliofuata likaja SL-1200GR kwa dola 1,700 hivi. Zilizotumika za miaka ya 1980 na 1990 bado zinazunguka, na mashine iliyotunzwa ina miaka mingi mbele yake. Inayobaki kuangaliwa ni volti, maana zilizouzwa ndani ya Japani ni za volti 100.

Sindano ndiyo jembe

Mashine inaweza kugharimu milioni kadhaa, lakini kinachogusa santuri ni jiwe dogo la almasi lililo kwenye ncha ya sindano. Likiwa zima na likiwekewa uzito sahihi, santuri inapigwa mara mamia bila madhara makubwa. Likichakaa linakuwa patasi.

Almasi ya kawaida hudumu kati ya saa 500 na 1,000. Piga hesabu. Mwenye baa anayepiga santuri saa 5 kila usiku anamaliza saa 500 kwa usiku 100, yaani miezi mitatu na kitu. Mzee anayesikiliza saa moja Jumapili baada ya kanisa atakaa nayo miaka kadhaa. Sindano za johari ya sapphire, zinazokuja na vile vipleya vya mkoba vya bei chee, huisha mapema zaidi ya hapo, na vipleya vyenyewe hukandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi, wakati katriji nzuri inahitaji gramu moja na nusu hadi mbili na nusu. Mwenye santuri za baba yake asizijaribie kwenye mkoba huo.

Kuna aina mbili za katriji zinazotajwa mara nyingi kwenye mashine za gharama. Ya kwanza ina sumaku inayocheza, na sindano yake huchomolewa kwa vidole na kuwekwa mpya. Ya pili ina koili inayocheza. Ni laini na ya gharama, sauti yake ni ndogo mno hivyo inahitaji kikuza sauti cha ziada, na sindano ikiisha katriji nzima hurudishwa kiwandani au kwa fundi maalumu. Kwa mtu aliye mbali na Posta ya Dar es Salaam, aina ya kwanza inatosha. Ortofon ya Denmark na Audio-Technica ya Japani wanazitengeneza. Shure ya Marekani, ambayo jina lake wengi wanalikumbuka, iliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, kwa hiyo anayeuza leo Shure "mpya kabisa" ana stoku ya zamani, sindano ya kampuni nyingine au bandia.

Fundi akisema, "Mzee, sindano bado nzima hii," muulize imepiga saa ngapi. Asipojua, nunua mpya. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na sanduku zima la santuri.

Aina ya santuri nayo huamua sindano. Zile nyembamba zinazopinda kidogo, za mara 45 na 33, hutumia sindano nyembamba. Zile nzito zinazovunjika kama kigae, za mara 78, zina mifereji mipana na zinahitaji sindano yenye ncha pana karibu mara nne. Ukipiga santuri ya 78 kwa sindano ya kawaida, ncha inazama chini ya mfereji na kusikika mchanga mtupu. SL-1200 ya kawaida ya zamani haina kasi ya 78, kwa hiyo mwenye nyingi za aina hiyo aulizie mashine yenye kasi tatu, na hapo Garrard au Thorens inarudi kwenye hesabu. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, yenye sindano ya chuma, ni ya santuri za 78 peke yake. Santuri ya plastiki ikiwekwa humo mara moja tu imeharibika.

Baa na sebuleni si pamoja

Mwenye baa anayetaka kuvuta wateja wa rika fulani kwa zilipendwa ana mahitaji yake. Anahitaji mashine nzito, katriji imara na sindano mbili za akiba. Asiweke pleya juu ya meza moja na sabufa wala juu ya kabati la spika: mtikisiko wa besi hupanda kwenye mkono wa pleya, unarudi kwenye amplifaya, na ukumbi mzima unanguruma. Rafu iliyofungwa kwenye ukuta wa tofali inatibu ugonjwa huo kwa gharama ya mbao na misumari. Akumbuke pia kwamba kupiga muziki hadharani kunahitaji kibali cha hakimiliki, hata kama santuri ni yake mwenyewe. Aulize COSOTA kabla ya kubandika tangazo.

Wa sebuleni anaweza kuchagua pleya ya mkanda kama umeme wake ni wa uhakika. Jambo linalowashtua wengi ni kwamba pleya ikiunganishwa kwenye sabufa ya kawaida inatoa sauti kama ya nzi. Sauti inayotoka kwenye katriji ni ndogo, na inahitaji kikuza sauti maalumu cha santuri. Amplifaya za zamani zina tundu lililoandikwa PHONO. Sabufa nyingi za sasa hazina. Ama pleya iwe na kifaa hicho ndani, ama kinunuliwe pembeni. Ule waya mwembamba unaoning'inia nyuma ya pleya usikatwe: ufungwe kwenye skrubu ya amplifaya, vinginevyo kutakuwa na mvumo usiokwisha.

Katika kugawa fedha, wapo wanaomaliza zote kwenye pleya kisha wakaiunganisha kwenye spika iliyopasuka. Afadhali mashine ya wastani iliyotumika, sindano mpya na spika mbili nzima.

Anayeagiza mpya kutoka nje ajumlishe kodi kabla ya kufurahia bei. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa bidhaa za aina hii zilizokamilika ni asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo. Mzigo wenye thamani ya dola 1,000 pamoja na nauli na bima unafikia dola 1,475 kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala. Ndiyo maana iliyotumika, ambayo mtu ameshaisikia kwa masikio yake, mara nyingi ni biashara nzuri zaidi.

Kuijaribu hakuhitaji vifaa. Weka kipande cha karatasi pembeni ya sahani, washa, shika saa. Kwenye kasi ya 33, karatasi inatakiwa kupita mara 100 kwa dakika 3 kamili. Kisha shika mkono wa pleya taratibu uone kama unacheza kwenye maungio yake. Ukicheza, bearingi zimekwisha. Sikiliza spika ya kushoto na ya kulia. Mwisho piga wimbo wenye noti ndefu, gitaa la polepole au tarumbeta, kwa maana kuyumba kwa kasi hujificha kwenye ngoma lakini hakujifichi kwenye noti ndefu.

Usiuze sanduku kabla ya kusikiliza

Ulaya, Japani na Marekani kuna wanaokusanya santuri za Afrika, na kuna wachuuzi wanaozitafuta kwa niaba yao. Mwenye sanduku huwa anatajiwa bei moja ya jumla, kama anayeuza kuni. Afadhali kuandika orodha kwanza: jina la bendi, wimbo, namba iliyo kwenye lebo, na hali ya mifereji ikiangaliwa juani. Yenye mikwaruzo mingi haina bei kubwa. Safi isiyojulikana sana inaweza kuwa ndiyo inayotafutwa. Pleya nzuri inamwezesha mwenyewe kusikia anachokiuza, na kabla ya kuuza anaweza kuunganisha kompyuta na kubakiza nakala kwa ajili ya wajukuu.

Wakati huohuo zitunzwe. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, unyevu wa bonde huleta ukungu juu ya santuri na kuozesha majalada. Kiangazi huleta vumbi na pumba za mpunga. Zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na sakafu kwa ajili ya mafuriko, na zisikae karibu na bati: plastiki ya santuri hulegea kwenye joto, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani inatosha kuigeuza kuwa sinia. Zenye uchafu zioshwe kwa maji safi yenye tone la sabuni na kitambaa laini, kufuata mfereji, bila kulowesha lebo. Spiriti isiguse zile za 78, kwa sababu inaziyeyusha.

Imebaki safari. Wanaochukua mashine Dar es Salaam na kuileta kwa basi kupitia Mikumi na Kidatu, au kwa treni ya TAZARA, waondoe sahani na kuifunga peke yake, wachomoe ule uzito wa nyuma ya mkono, wafunge mkono kwa uzi laini na kuweka kifuniko cha sindano. SL-1200 ina zaidi ya kilo 10. Isiende kwenye buti chini ya magunia. Ikae kwenye kiti, na nauli ya kiti hicho ilipwe.